Rangi ya Shavu

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua barua hii inakukuta kwenye kile kiti kilichokatika mkono, umenuna, na Mama anakupigia kelele usizozisikia. Mwambie namsalimu, na goti lake nalo nalisalimu peke yake, maana nilipompigia simu mara ya mwisho tuliongea habari za goti mpaka salio likakata. Mimi ni mzima. Chumba chako cha zamani hapa bandarini nimekipaka rangi. Ule msumari uliokuwa ukitundikia nguo zako za kuzamia nimeuacha, kwa sababu haung'oki.

Nakuandikia kwa mkono kwa vile masikio yako yamekwisha, na ile simu niliyokununulia ili tutumiane ujumbe, Mama anasema umeitia kwenye droo ya soksi. Eti maandishi yake ni ya sisimizi. Haya, pokea maandishi ya binadamu.

Sasa nikuambie lililonileta. Nimeacha kazi ya ofisini. Usigune kwanza, soma. Nilichoka kupanga mafaili ya watu ambao mafaili yao yana akili kuliko wao. Siku hizi nawapeleka wageni chini ya maji kando ya ukuta wa zamani wa bandari, ule ule uliokula masikio yako. Tangu meli kubwa zihamie gati jipya maji yametulia. Unashuka, unaona mkono wako, kisha unaona mbali kuliko mkono. Aliyenifundisha ni Fundi Pampu, yule anayejaza mitungi ya hewa. Alisema hatanicheka, akanicheka, lakini amenifundisha.

Watu wa mjini wananibeza. Nani ataingia kwenye maji ya bandari, wanasema. Hao ni watu wanaoijua bahari kwa kuipa mgongo wapigwe picha. Wageni wangu wakitoka majini macho yamewatoka pima, wanashindwa hata kuvua mapezi. Na wewe ulikaa pale umri wako wote wa kazi. Ukirudi nyumbani tukikuuliza umeona nini unasema "matope". Hilo tu, kila mwaka. Basi nakuuliza leo nikiwa mtu mzima: ulikuwa unatuficha, au ulikuwa umelala?

Ni mimi, binti wa dada yako.


19 Februari

Mpwa,

Marahaba. Mimi ni mzima, kiti ni kizima isipokuwa mkono, na mama yako ni mzima isipokuwa goti. Kelele zake sizisikii. Katika yote niliyopata kwenye kazi ile, hilo ndilo lenye faida.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Umeacha kazi yenye kiti na feni, umekwenda kuwaonyesha watu ukuta. Ukuta! Huku juu kuta zimejaa kila mahali, zimekauka, na mtu anazitazama bila kulowa. Lakini wapo wanaofunga safari, wanavaa mpira mwili mzima kama soseji, wanazama kutazama ukuta, halafu wanatoka macho yamewatoka. Sishangai. Mtu ambaye hajawahi kufanya kazi hushangazwa na chochote.

Nisikilize, kwa kuwa unadhani nilikuwa nimelala. Kazi yetu ilikuwa kukwangua. Makombe na kome huota juu ya saruji mpaka mkaguzi hawezi kuona nyufa, basi sisi tulishuka na patasi na brashi ya waya, tukausafisha ukuta kipande kwa kipande, ngazi hata ngazi. Tulipomaliza mwisho mmoja, mwanzo ulikuwa umeshaota tena. Meli zilikuwa zikiingia na kutoka juu ya vichwa vyetu na mapangaboi yake yakikoroga tope usiku na mchana. Taa haikuwa na maana. Ukiiwasha inakumulikia tope lililo mbele ya pua yako, basi. Tukaziacha taa juu pamoja na viatu. Tulifanya kazi kwa vidole.

Kwa vidole tuliujua ukuta ule kuliko unavyomjua mama yako. Chaza tulimwita Msumeno, kwa kuwa alitukata. Kuna kitu kilikuwa kinakushika mkono hakiachii, hicho tulikiita Shemeji, maana shemeji naye akikushika mkono lazima umpe habari zote za nyumbani ndipo akuachie. Hayo ndiyo yaliyokuwapo. Vitu vya kukata, vya kung'ang'ania na vya kuteleza. Sikuwaficha kitu. Niliwaambia matope kwa sababu yalikuwa matope.

Halafu unaniambia umefundishwa na Fundi Pampu. Yule tulikuwa naye. Alikuwa akiogopa beseni.

Nani anashika kamba yako ukiwa chini? Hukuandika. Naona hakuna.

Mjomba wako.


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama ameniambia kwa simu kwamba barua yangu uliisoma zaidi ya mara moja na kwamba uliificha chini ya godoro alipoingia. Siongezi neno. Fundi Pampu anakusalimu, anasema beseni lile lilikuwa refu.

Kamba haipo, Mjomba. Siku hizi tunashuka wawili wawili, kila mmoja anamwangalia mwenzake. Kwa kuangalia, nasema. Kwa macho. Ni kitu ambacho nyinyi mlikiacha juu na viatu.

Hebu nikupe habari za nyumba uliyoishi bila kuwasha taa. Tunaingilia ngazi ya kwanza, ile yenye kutu. Yale matairi mliyoyatundika ili meli zisikwaruze ukuta yameota sifongo, mengine ya zambarau, mengine mekundu, manene kama mito ya kulalia. Kwenye bomba la maji ya mvua, lile lililovunjika mdomo, anakaa samaki mkunga, mrefu kama nyoka, mwenye uso wa mtu aliyenyimwa likizo. Amefungua kinywa, na ndani ya kinywa kuna uduvi anatembea juu ya meno anayasafisha, hana wasiwasi wowote. Ukipita hapo kuna mnyororo umening'inia. Kwenye mnyororo kuna farasi wa baharini, wameushika kwa mikia, wanayumba pamoja kila wimbi linapopita. Mgeni mmoja, mhasibu, mtu mzima na kitambi chake, alilia ndani ya miwani mpaka nikampandisha juu.

Na huyo Shemeji wako ni pweza. Amejipatia shimo pale saruji ilipomeguka, na mlangoni amepanga vipande vya vikombe vya kaure walivyotupa mabaharia. Ukimkaribia anavuta kipande kimoja anafunga mlango. Naye ana dharau kama zako, nyinyi ni ndugu.

Wewe na wenzako mlikuwa mnaingia nyumba ya watu gizani na patasi, mnabomoa fanicha, kisha mnarudi kusema hakuna mtu. Mimi nisingeweza. Afadhali nipange mafaili.

Mpwa wako mwenye macho.


11 Aprili

Mpwa,

Nimekawia kujibu. Mama yako anasema niandike kwamba nilikuwa na mafua. Basi nilikuwa na mafua.

Mwenye macho! Nani alikufundisha kujipiga kifua hivyo? Ukipewa maji masafi na jua la mchana hata kuku ataona. Ungeshuka siku ile meli ya makaa inageuka, tope limekuingia puani, kamba imekukaza kiunoni, na juu bwana mkaguzi anakula embe anangoja ukuta wake. Hapo ndipo ningetaka kusikia habari za farasi. Na huyo mhasibu wako, mwambie akalie ofisini kwake, kule kuna sababu zaidi.

Shemeji ni pweza, nilijua. Nani asiyejua pweza?

Kuna kitu kingine. Nauliza tu kwa kuwa unajifanya mjuaji, nataka nione utajikwaa wapi. Ngazi ya tatu, chini ya pete ya chuma ya kufungia meli, upande wa kushoto, palikuwa na vitu vimeota vingi pamoja, laini. Ukigusa kwa ncha ya kidole vinajikunja vyote kwa mara moja, halafu ukitulia vinafunguka tena taratibu, vinakuja kukugusa vyenyewe. Wenzangu waliviita Shavu, kwa kuwa ni laini kama shavu la mtoto mchanga. Ilikuwa lazima tuvikwangue navyo, kazi ni kazi. Lakini ilikuwa desturi yetu, kabla ya kutia patasi, kuvigusa kwanza. Kila mtu. Hakuna aliyeagiza.

Nilidhani ni vyeusi. Katika kichwa changu vilikuwa vyeusi siku zote. Vina rangi gani? Si kwamba nina haja ya kujua.

Mjomba wako.


20 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Pole kwa mafua aliyokuagizia Mama.

Nilishuka kesho yake tu baada ya kupata barua yako, bila mgeni wa kunipigia picha. Ngazi ya tatu, chini ya pete, kushoto. Wapo, Mjomba. Mlikwangua, mlikwangua, na wapo. Wameenea mpaka karibu na ngazi ya nne.

Ni rangi ya machungwa. Lakini si chungwa la sokoni lililochoka, ni lile ukilikata linakurukia. Katikati pana njano. Kila mmoja ana vidole vyembamba kuzunguka mdomo, na vinapofunguka vyote pamoja ukuta mzima unakuwa kama umewashwa moto, moto usiounguza. Niliweka ncha ya kidole kama ulivyosema, wakajikunja wote. Nikatulia. Wakarudi kunigusa. Nilikaa pale mpaka hewa ikanionya.

Sasa acha ubishi uje uone. Masikio yako hayakuruhusu kuzama, najua, lakini hii haihitaji kuzama. Maji yakipwa, Shavu wako wanakuwa chini kidogo tu ya uso wa maji. Unashuka ngazi ya tatu hadi kiunoni, unashika chuma, unatia uso, unatazama. Nakutumia miwani ya kuzamia katika kifurushi hiki. Ni mpya, usiseme inanuka mtu.

Ila uje upesi. Bandari wametangaza wataufunika ukuta wa zamani kwa mabamba ya chuma kutoka mwisho hadi mwisho, eti umezeeka. Kabla ya mabamba lazima ukwanguliwe wote, pasibaki hata kombe. Nilikwenda kwa Meneja. Ni kijana wa juzi, viatu vyake vina ncha, hajawahi kulowa hata na mvua. Nikamwambia ukuta ule una wapangaji kuliko majumba yake yote. Akaniuliza kama wanalipa kodi. Nikamwambia maneno ambayo Mama asiyasikie. Nimemwambia pia atafute vizuri, maana sijui atampata wapi mtu mkavu wa macho kiasi cha kushuka pale na patasi, aone yale, halafu akwangue. Mtu huyo nikimwona nitamtemea mate.

Ni mimi.


5 Mei

Mpwa,

Tumepata kifurushi. Mama yako alidhani ni dawa ya goti, akavunjika moyo.

Umemtukana meneja. Vizuri, amepata la kusimulia nyumbani kwake. Mabamba yatakuja vilevile. Bandari haijawahi kubadili nia kwa ajili ya mdudu wala kwa ajili ya mtu, nami nina masikio ya kuthibitisha. Na mwenye kukwangua atapatikana, anapatikana siku zote. Usimtemee mate mtu usiyemjua. Mimi nilikuwa huyo.

Miwani nimeipokea. Sina kazi nayo. Nimeitundika.

Safari ni ndefu na basi lile lina viti vya kuvunja mgongo, na siwezi kumwacha mama yako na goti lake. Mtu aje mwendo wote huo kutazama kitu alichokishika miaka yake yote? Nitafikiri. Kufikiri si kukubali.

Machungwa, unasema. Sawa.

Mjomba wako.

*Mwanangu, nimeiba barua kabla hajaifunga. Miwani haijatundikwa. Anaivaa anatia uso kwenye beseni la kufulia akidhani nimetoka. Jana amenunua viatu vya mpira. Goti langu lisitumiwe kama kisingizio, mwambie aje. Mama.*


30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya wa miezi hii. Mambo yamenibana, nikaona niandike yakitulia, na hayakutulia. Mama anasema unauliza posta kila wiki mpaka karani anakukimbia. Chumbani kuko salama, ila dari inavuja juu ya msumari wako.

Bandari wamefunga ukuta kwa wageni. Walitia uzio na mlinzi. Kwa hiyo wageni wangu wamekwisha, na Fundi Pampu amehamishia mitungi yake gati jipya. Barua ya malalamiko niliyopeleka ilipigwa muhuri, nikaambiwa imepokewa.

Kuhusu safari yako, nakushauri usije kwa sasa. Maji yamechafuka kidogo. Nitakuambia yakisafika.

Kuna rafiki yangu anafanya kazi ya patasi, ameniomba nikuulize. Mkono wake wa kulia unakufa ganzi kuanzia kifundo hadi kiwikoni akifanya kazi kutwa, na usiku unamuuma hata kushika kikombe hawezi. Nyinyi mlikuwa mnaishikaje patasi? Akienda kuwauliza mafundi wengine watamcheka.

Msalimie Mama. Nina haraka leo.

Mpwa wako.


8 Agosti

Mpwa,

Salamu nitatuma siku nyingine.

Rafiki yako ana mwandiko kama wako. Herufi zimelegea kulia, mstari unapanda, mahali pawili kalamu imeanguka. Hiyo si haraka, huo ni mkono uliokufa ganzi. Nimeshika patasi kabla hujazaliwa, nami niliandika hivyo hivyo mwaka wa kwanza, mama yako anazo barua zangu. Ulidhani nimekuwa kiziwi mpaka machoni?

Kwa hiyo umepatikana. Meneja wa viatu vya ncha alitafuta mtu mkavu wa macho, hakwenda mbali.

Uliniita mbomoa fanicha za watu. Ulisema usingeweza, afadhali mafaili. Mimi nilikaa na maneno yako hapa, usiku nilikuwa nageuka nayo. Nikasema kweli, labda nilikuwa mnyama. Lakini nisikilize sasa. Mimi nilikwangua gizani. Sikuwa najua mkunga anasafishwa meno. Sikujua farasi wala machungwa, niligusa tu kitu laini, nikasikitika bila kujua nasikitikia nini, nikafanya kazi. Wewe una taa kichwani. Umewaona mmoja mmoja, umewaandika, umenifanya mimi mzee niwaone nikiwa nimekaa kwenye kiti kibovu mbali na bahari. Halafu unashuka na patasi. Sijui neno la mtu wa namna hiyo. Kwetu kazini halikuwapo, hatukulihitaji.

Nakudharau, mpwa. Naandika polepole ulisome vizuri.

Usikaze ngumi. Kidole gumba kikae mgongoni mwa patasi, si kuizunguka. Kiwiko kigande ubavuni, usukume kwa bega na mwili, mkono uwe wa kuongoza tu. Patasi ilale, isisimame. Ukiisimamisha unapigana na ukuta, na ukuta hauchoki. Jioni chovya mkono kwenye maji ya moto yenye chumvi.

Umefika ngazi ya tatu? Nijibu hilo tu.

Mjomba wako.


29 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, ukiipokea.

Ni mimi. Hakuna rafiki. Kidole gumba nimekiweka mgongoni, ganzi imepungua. Asante, nimeona aibu kuiandika asante hiyo lakini imekwisha andikwa.

Meneja aliniita mwezi wa Juni. Akasema kuna mashine ya kupiga maji kwa nguvu, inasafisha ukuta wote kwa muda mfupi na haibakizi hata unyoya, au kama nawapenda sana hao wapangaji wangu, nikwangue mwenyewe kwa mkono. Alikuwa anacheka. Nikakubali. Nilijidanganya kwamba nitawahamisha kwanza, nitakuwa mkwanguaji mwenye huruma. Unaweza kucheka hapo.

Nilianza hivyo. Farasi wa baharini niliwabeba kwenye ndoo mpaka kwenye mawe ya nje ya bandari. Sijui kama wamekaa. Shemeji nilimhamisha jioni, asubuhi nikamkuta amerudi, anapanga vikombe vyake. Nikamhamisha tena, akarudi tena. Mabamba yalikuwa yameshafika, yamepangwa juu ya gati, na msimamizi alikuwa akipita anagonga saa yake. Nikaacha kuhamisha.

Shavu hawahamishiki, Mjomba. Wewe unajua. Wameshikana na ukuta, ukiwang'oa wanararuka. Nilipofika ngazi ya tatu nilikaa mbele yao. Wakafunguka. Nikanyanyua patasi, mkono ukagoma. Nikapanda juu, nikamwambia msimamizi hewa imeisha. Kesho yake nikasema taa mbovu. Siku iliyofuata nilikosa la kusema.

Basi nikazima taa.

Ikawa rahisi. Tope lilikuwa limeshapanda, likawa giza kweli, mkono ukafanya kazi wenyewe. Niliwagusa kwanza, kama desturi yenu. Halafu nikamaliza. Tangu siku hiyo sijaiwasha taa, hata pale ambapo tope halipo. Shemeji asubuhi moja hakuwapo. Au alikuwapo, mimi sikuona.

Umesema unanidharau. Umechelewa, nilikutangulia. Najidharau nikiamka na nikilala, na katikati nakwenda kazini. Ndiyo, nimefika ngazi ya tatu. Nimeipita.

Mpwa wako.


6 Septemba

Mpwa,

Goti la mama yako limepona. Sasa analisimulia kwa majirani, wanaanza kufunga milango wakimwona. Mimi mgongo unaniuma, na sababu ni lile basi.

Barua yako ilifika nikiwa nimesharudi. Nilikuja huko. Nilipoona hunijibu, nilivaa viatu vya mpira, nikatia miwani yako mfukoni, nikamwambia mama yako nakwenda kunyoa. Mlinzi wa uzio ni mtoto wa yule tuliyekuwa naye zamani getini, alinipitisha. Chumbani kwako sikupita. Sikuja kwa ajili yako.

Nilikuona. Ulitoka majini ngazi ya tano, ukakaa juu ya matairi ukisugua mkono. Patasi uliishika ilivyo sawa, gumba mgongoni. Katika yote niliyokuandikia, hilo ndilo ulilosikia. Taa ilikuwa kichwani pako, imezimwa, nikadhani imeharibika. Halafu ukasimama ukapita karibu yangu na ndoo, ungeweza kunishika bega. Nilikuwa nimekupa mgongo, nimevaa kofia. Mzee mmoja kiziwi anatazama maji. Hukuniona. Nilifikiri ni uchovu. Sasa nimesoma barua yako, najua ni nini. Mtu akizima taa huko chini, juu nako anapita hivyo hivyo.

Sikukuita. Sikutaka kukuita.

Maji yalikuwa yamekupwa. Nilishuka ngazi ya tatu mpaka kiunoni, nikashika chuma kama ulivyonielekeza mwezi wa Aprili, nikavaa miwani, nikatia uso. Nikaona nilichokiona maisha yangu yote. Tope. Nikapeleka mkono chini ya pete, upande wa kushoto. Ukuta ulikuwa msafi, mtupu kwa vidole, hauna hata kombe. Kazi nzuri. Mkaguzi yeyote angeipitisha.

Nilikaa hivyo mpaka shingo ikakaza, maana nilikuwa nimetoka mbali. Kisha kitu kidogo, hakizidi ukucha, kikaja kinazunguka taratibu, kikapita mbele ya kioo changu karibu kabisa. Kilikuwa kimeraruka upande mmoja.

Ni rangi ya machungwa. Katikati njano. Hukuniongopea.

Mjomba wako.